Chumba Kwanza, Miwani Baadaye: Uhakiki wa VR ya Sebuleni

Ukitafuta maelekezo ya kuandaa chumba cha gemu nyumbani, utakutana na orodha ileile kila mara: televisheni kubwa, kiti cha kuegemea, taa za rangi za kubandika ukutani, spika za pembeni, halafu mwishoni kabisa, kama mapambo, miwani ya VR. Kwa gemu za kuketi orodha hizo hazina ubaya. Zikifika kwenye uhalisia pepe, yaani VR, zinapotosha, maana zinakichukulia chumba kama kabati la kupangia vifaa. Kwenye VR chumba ni sehemu ya mashine yenyewe. Kikiwa kibaya, hata miwani ya bei kali haitakuokoa.

Na hili si jambo jipya. Mwaka 1968, Ivan Sutherland alipoeleza kifaa chake cha kuvaa kichwani cha kuonyesha picha za pande tatu, mkono wa chuma ulioning'inizwa kutoka darini ndio uliopima kichwa cha mvaaji kiko wapi na kinaelekea wapi. Dari lilikuwa sehemu ya kompyuta. Leo ule mkono hatuuoni, lakini utegemezi kwa chumba uko palepale.

Kwa hiyo hapa hatutahakiki miwani. Tutachukua gemu nne zinazojulikana sana na kuziuliza swali moja tu: inakichukuliaje chumba cha mchezaji? Hoja yetu ni nyepesi kuisema. Gemu nzuri ya VR ni ile inayokubali kwamba umesimama sebuleni, kwenye kipande kidogo cha sakafu, na kuna watu wanapita. Gemu inayojisahaulisha jambo hilo itakulipisha: ama kwa kichefuchefu, ama kwa goti kwenye kona ya meza. Tukikumbuka kwamba Quest 3 ilipotoka mwaka 2023 bei yake Marekani ilikuwa dola 499, kabla ya gharama za kuifikisha huku, utaona kwamba kuchagua vibaya kunauma.

Sikio halijui kuwa ni gemu

Tuanze na mwili. Ndani kabisa ya kila sikio kuna mirija mitatu ya nusu duara yenye majimaji, na vifuko viwili vyenye chembe ndogo sana za chokaa. Mirija hutambua kichwa kinapogeuka. Vifuko hutambua unapoanza kusogea au kusimama, mbele, nyuma, juu au chini, na pia hutambua mvuto wa dunia. Ubongo huchukua taarifa hizo na kuzilinganisha na za macho, za misuli na za nyayo. Zikikubaliana, hujui hata kama kuna kazi inafanyika. Zikigombana, unapata kile anachokipata abiria anayesoma simu ndani ya basi kwenye kona za Kitonga: mate yanajaa mdomoni, jasho jembamba, tumbo linageuka. Macho yanasema umetulia, sikio linasema unayumba. Reason na Brand waliichambua nadharia hii ya mgongano wa hisi katika kitabu chao cha mwaka 1975 kuhusu ugonjwa wa safari, na hadi leo ndiyo maelezo yanayotumika zaidi.

VR hugeuza ugomvi huo juu chini: macho yanasema unakimbia, sikio linasema umesimama kwenye zulia.

Kuna sehemu ya tatizo hili ambayo wahandisi wamelimaliza kwa kiasi kikubwa. Ukigeuza kichwa, picha lazima igeuke nayo, tena haraka. Lengo linalotajwa sana ni milisekunde zisizozidi 20 kati ya kichwa kusogea na picha mpya kufika jichoni. Picha zikibadilika mara 90 kwa sekunde, kila fremu moja inapewa milisekunde 11 tu za kuandaliwa. Miwani nyingi za sasa zinamudu. Ndiyo maana ukigeuza shingo, ukichuchumaa, ukipiga hatua moja ya kweli, macho na sikio vinakubaliana na wewe husikii lolote.

Shida inaanza pale unapotaka kwenda mbali kuliko sakafu yako inavyoruhusu.

Sasa simama upime

Meta inashauri eneo tupu la angalau mita 2 kwa 2 kwa gemu za kutembea chumbani. HTC Vive, iliyotoka mwaka 2016, iliomba angalau mita 2 kwa 1.5. Ukisoma namba hizi ukiwa umekaa, zinaonekana si kitu.

Hebu chukua sebule ya nyumba ya kupanga, tuseme mita 3 kwa 4. Hizo ni mita za mraba 12. Toa kochi la watu watatu, karibu 1.8. Toa makochi mawili ya mtu mmoja, 1.6. Toa kabati la televisheni na meza ya katikati, jumla kama 1.35. Halafu toa njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni, ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeifunga, kama 3.2. Unabakiwa na mita za mraba 4 hivi. Kwenye karatasi zinatosha kabisa. Sakafuni zimetawanyika vipande vipande, kimoja mbele ya televisheni, kingine nyuma ya mlango, na hakuna hata kimoja ambacho unaweza kunyoosha mikono yote miwili bila kugusa kitu.

Maabara zimejaribu kukikwepa chumba kwa hila. Mwaka 2001, Sharif Razzaque na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walieleza mbinu ya kuizungusha picha taratibu sana, ili mtu apinde njia bila kujua huku akiamini ananyooka. Ni hila nzuri, tena inapendeza kuisoma. Ila hesabu yake inakatisha tamaa. Utafiti wa Frank Steinicke na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulikadiria kwamba ili mtu asigundue kuwa anazungushwa, duara analotembea linahitaji nusu kipenyo cha kama mita 22 au zaidi. Yaani ukumbi wenye upana wa mita 44. Uwanja mzima wa mpira wa kikapu una mita 28 kwa 15, haufiki hata karibu.

Basi kila mbunifu wa gemu ya VR anakabidhiwa mita zako mbili na lazima aamue atazifanyia nini. Uamuzi huo ndio tunaouhakiki.

Gemu nne mbele ya chumba kimoja

*Beat Saber*, ya kampuni ya Beat Games ya Prague, ilianza kuuzwa mwezi Mei 2018. Unashika panga mbili za mwanga, vipande vya rangi vinakuja kwa mdundo wa muziki, wewe unavikata kuelekea upande ulioonyeshwa. Watu wengi huisifu kwa muziki. Sifa inayonigusa mimi ni nyingine: gemu hii haikupeleki popote. Jukwaa unalosimamia limetulia, na ni vipande ndivyo vinavyokuja kwako. Macho yana kitu kisichosogea cha kujishikiza, sikio linathibitisha kwamba kweli umesimama, na ubongo hauna kesi ya kusikiliza. Kuta zinazopita hukufanya uiname au uhamie kando, na mwendo huo unaufanya kweli kwa magoti yako. Kwa sebule ya mita 2 kwa 2 ni kama ilishonwa kwa vipimo.

Ina jema jingine. Ukirusha picha kwenye televisheni, walioketi kwenye makochi wanaelewa kinachoendelea na wanaweza kushangilia. Tuliokulia kwenye vibanda vya gemu tunajua kwamba anayetazama na anayesubiri zamu yake naye yumo mchezoni. VR nyingi humfungia mchezaji ndani na kuwaacha wengine nje. Hii haifanyi hivyo. Kasoro yake ni mikono: inadai mapana ya mwili mzima, na anayenogewa husahau dari. Tutalirudia suala la dari.

*Superhot VR* ya mwaka 2016 imekwenda mbali zaidi kwa ujanja. Muda unasonga pale tu unaposogea wewe. Ukitulia, risasi zinaganda hewani mbele ya uso wako, nawe unazitazama na kupanga utainama upande gani. Hapa hakuna kutembea kwa kijiti cha pedi. Kila pambano unalimaliza papo hapo ulipo, halafu gemu inakuhamisha kwenda jingine. Kwa hiyo kila sentimita ya mwendo inayoonekana machoni imefanywa na mwili wako, na mgongano wa hisi unakosa pa kuanzia. Kisayansi ni safi kuliko zote nne.

Lakini chumba inakiheshimu nusunusu. Adui anakuja, unanyoosha ngumi, unaegemea mbele, unapiga hatua kumfikia, na hatua ya pili inakukuta kwenye kabati. Gemu inakutamanisha kuvuka mpaka wako kisha inaiachia miwani kazi ya kukuonya. Ukiwa na mita 2 kwa 2 kamili, anzia katikati na ujizuie. Ukiwa na pungufu, hii siyo yako kwa sasa.

*Half-Life: Alyx* ya Valve, iliyotoka Machi 2020, ni dunia kubwa yenye hadithi ndefu, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Itawezaje kukupitisha mitaa na majengo ya mji mzima ukiwa sebuleni? Jibu lake ni kukupa njia za kuchagua. Unaweza kuonyesha mahali kwa mkono na kujikuta pale mara moja, picha ikikatika kama kufumba na kufumbua, bila macho kuona mwendo wowote wa kugombana na sikio. Anayeweza kuvumilia mwendo wa mfululizo naye amewekewa. Anayetaka kucheza ameketi naye amekumbukwa.

Kinachonifanya niisifu hasa ni zile glavu zake. Unanyoosha mkono kukielekea kitu kilicho mbali, unashika, unapindua kiganja kwa haraka, kitu kinaruka kuja kwako na unakidaka. Wengi wanaiona kama burudani tu. Itazame kwa jicho la chumba: mbunifu amejua kwamba kopo lililo sakafuni ndani ya gemu huenda liko chini ya kochi lako la kweli, naye amekuepusha kuinama na kugonga kichwa. Risasi unazichukua kwa kupeleka mkono nyuma ya bega. Hewa ikiwa mbaya unajiziba mdomo kwa mkono wako. Kazi kubwa imepewa sehemu ya mwili ambayo tayari una nafasi ya kuitumia. Huu ndio uandishi wa VR.

Bei yake ipo mahali pengine. Inataka kompyuta yenye angalau kadi ya michoro ya daraja la GTX 1060 na RAM ya GB 12, pamoja na zaidi ya GB 60 za kupakua. Kwa anayenunua bando kwa siku, hiyo GB 60 peke yake ni mradi.

*Skyrim VR* ilitoka mwaka 2017 ikitokana na gemu ya kioo cha kawaida ya mwaka 2011. Ni pana ajabu, wala sipingi mapenzi ambayo watu wanayo kwayo. Lakini ilihamishwa kuja kwenye VR baada ya kuwa imeshakamilika kwingine, na mishono inaonekana. Mlango unaufungua kwa kubonyeza kitufe, mkono wako haugusi kitasa. Milima na mabonde vilipangwa kwa mtu anayesukuma kijiti, kwa hiyo ukitaka kuvifaidi kama vilivyo lazima utelezeshwe kwa saa nyingi huku miguu imetulia. Kuruka kutoka sehemu hadi sehemu kumewekwa, ila dunia haikujengwa kwa mwendo huo, na kila unaporuka unapitwa na kile kilichokuleta.

Ina msaada mmoja wa haki: unapotembea, pembe za picha hufunikwa kivuli. Hili lina ushahidi. Mwaka 2016 Fernandes na Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba kupunguza upana wa picha kidogo kidogo wakati wa mwendo huwapunguzia watu usumbufu bila kuwaondolea hisia ya kuwa ndani ya dunia ile. Sababu ni kwamba pembe za jicho ni hodari wa kunasa mwendo. Ni plasta nzuri. Bado ni plasta.

Hapa mtu atanipinga: "Mbona mimi natembea kwa kijiti saa nzima na sijisikii vibaya?" Ni kweli. Watu wanatofautiana sana, na wengi huzoea kwa kucheza muda mfupi mfupi na kuacha dalili ya kwanza inapojitokeza. Lakini anayelazimisha ili "azoee" huishia kuuchukia mchezo mzima, na kwenye familia yenye miwani moja huwezi kupanga chumba kwa kumfuata yule mwenye tumbo gumu kuliko wote.

Taa, ukuta, pangaboi

Tukirudi kwenye chumba chenyewe, zile orodha za vifaa zinapitwa na mambo ya bure kabisa.

Miwani za aina ya Quest hujua zilipo kwa kamera zilizo usoni mwake. Kamera hutafuta kona, michoro na vitu visivyohama. Ukuta mtupu mweupe hauzisaidii. Kalenda, picha, khanga iliyotundikwa, vyote vinazipa alama. Kioo kikubwa au kabati la vyombo lenye milango ya vioo huweza kuzichanganya, basi lifunike kitambaa. Giza nalo linazipofusha, kwa hiyo zile taa hafifu za rangi zinazosifiwa kila mahali si rafiki wa VR zikiwa peke yake. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Taa zikileta usumbufu, ingia kwenye mipangilio ya miwani uhakikishe imewekwa 50 na siyo 60.

Jua ni adui mwingine. Lenzi zilizo ndani ya miwani hufanya kazi kama ile lenzi ya kuchomea karatasi tuliyochezea shuleni, ila karatasi hapa ni kioo cha miwani yako. Ukiiacha dirishani lenzi zikitazama nje, muda mfupi unatosha kuacha doa lisilofutika. Ihifadhi kabatini, na lenzi zikifunikwa.

Sasa dari. Pangaboi na *Beat Saber* havikai chumba kimoja kwa amani. Nyoosha mkono juu ukiwa umeshika pedi. Kama unakaribia mapanga yake, lizime na ulete feni ya kusimama. Na hiyo feni ina faida mbili. Inakausha ukungu wa jasho kwenye lenzi, na ukiiweka mbele, nje ya eneo lako, upepo usoni unakuambia umeelekea wapi bila kuvua miwani. Kwa miguu, tandika mkeka mdogo katikati na ucheze peku. Ukihisi sakafu ya baridi unajua umetoka. Nyayo ni kihisi, nazo hazihitaji kuchajiwa.

Umeme wa kulisha yote haya usikutishe kupita kiasi, ila uujue. Kompyuta ya gemu inayokula wati 500 humaliza nusu uniti ya LUKU kwa saa. Miwani inayojitegemea inakula kidogo sana kwa kulinganisha, na betri ya Quest 3 hudumu kama saa mbili, muda ambao unazidi kile macho yako yanachokihitaji. Macho yanachoka kwa sababu yake pia: lenzi huyalazimisha yalenge umbali mmoja usiobadilika hata kitu kikionekana kiko puani. Na mnaotumia miwani moja kwa zamu, kila mtu arekebishe umbali wa lenzi mbili kabla ya kuanza. Quest 2 ina hatua tatu, milimita 58, 63 na 68. Iliyomfaa baba huenda isimfae binti.

Sebule ni ya nani?

Hili ndilo zile orodha zinalikwepa kabisa. Teknolojia hii imebuniwa kwa kudhani kuna chumba cha ziada. Kwenye nyumba nyingi sebule ndiyo ya kulia chakula, ya kupokelea mgeni, ya kufanyia homuwaki, na usiku pengine ya kulala mdogo wako. Ukivaa miwani unajitoa humo kwa macho huku mwili ukibaki, tena ukirusha mikono. Mpaka unaochorwa na miwani unalinda zaidi kuta na wewe. Usiutegemee kumlinda mtoto anayetambaa nyuma yako. Mtu mzima mmoja abaki akitazama, au mlango ufungwe. Kwa watoto wenyewe, Meta ilikuwa inataka miaka 13 na mwaka 2023 ikashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Chini ya hapo usimvalishe, hata akilia.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, fanya jaribio lisilo na gharama. Chukua chaki, chora sakafuni mraba wa mita 2 kwa 2. Sogeza meza. Kwa wiki moja, kila jioni, simama humo dakika 20: rusha mikono, inama, geuka, ukiwa umefumba macho na mtu akikuangalia. Uone kama familia inaweza kukuachia nafasi hiyo bila kununa, na kama meza inarudi mahali pake bila ugomvi.

Ikiwezekana, anza na *Beat Saber*, kisha *Superhot VR*, na ukipata kompyuta, *Half-Life: Alyx*. *Skyrim VR* iache mpaka uujue mwili wako. Ikishindikana, pesa yako ibaki mfukoni. Lipia nusu saa sehemu yenye ukumbi wa VR uende na rafiki, na sebuleni endeleeni na gemu ya pedi mbili ambayo wote mnaiona. Hutakuwa umekosa sayansi yoyote, na goti lako litabaki zima.